Miaka Kumi ya Maonyesho, Kaunta Buku Tatu

Mheshimiwa mwenyekiti wetu wa mtaa, wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, wasanii wenzangu, na nyie watoto mliojazana pale dirishani: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu shikamooni. Wengine, habari za asubuhi.

Kamati iliniomba jambo dogo. Waliniambia, dada, wewe ndiye umeshika nyundo na misumari tangu siku ya kwanza, basi tusomee orodha ya maonyesho yote ya sanaa ya kituo chetu kwa miaka kumi, dakika ishirini zitakutosha. Nimekubali, na orodha nimekuja nayo. Ni hizi kaunta buku tatu mnazoziona hapa mezani: hii ya kijani, hii iliyochanika gamba, na hii mpya ambayo nimeifunika kwa gazeti kama tulivyokuwa tukifunika madaftari yetu shuleni.

Sitazisoma zote. Nikianza kusoma, magharibi itatukuta hapa. Lakini kuna jambo nataka mlijue kabla sijafungua ukurasa wowote. Kaunta buku ya kwanza inaanza mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza haumo. Tulifungua 2015, tukatundika picha, watu wakaja, picha zikauzwa, tukang'oa misumari, na leo nikiulizwa mwaka ule tulionyesha nini, sina karatasi hata moja ya kumwonyesha anayeuliza. Kamati ilitaka orodha; mimi naomba nianzie hapo kwenye pengo.

Wengine mnakumbuka jengo hili lilivyokuwa. Lilikuwa ghala la mbao, mbao za mafundi wa Keko. Ukuta ni tofali za saruji, na sisi tulikuja na misumari ya kawaida. Ukipiga msumari unapinda, ukipiga mwingine unaruka. Fundi mmoja wa Keko alikuwa anapita na mkokoteni wa vitanda, akasimama, akatuangalia muda mrefu bila kusema neno, halafu akaondoka. Alirudi na misumari ya zege na papi mbili, zile mbao nyembamba ndefu. Akazipigilia papi kwa urefu wa ukuta, moja juu moja chini, akasema, "Sasa tundikeni kwa waya, hata mkibadilisha picha mara mia ukuta hautatoboka tena." Papi zile ndizo hizi hapa nyuma yangu. Picha zote zilizopita humu kwa miaka kumi zimebebwa na papi mbili za fundi ambaye hakutuomba hata senti.

Katika maonyesho yale ya kwanza walikuwepo wachoraji wawili waliojifunza uchoraji wa Tingatinga kule Oysterbay, walikuwepo wachongaji kutoka Mwenge, na walikuwepo vijana wa huku kwetu, wa Keko, Tandika na Mtoni, ambao picha zao hazijawahi kutundikwa mahali popote isipokuwa sebuleni kwa mama zao. Mimi nilikuwa nimejifunza kutundika kwa kuangalia kumbi za mjini, na niliamini maonyesho ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Vibandiko vya picha niliviandika kwa Kiingereza. Bei niliandika kwa dola. Ufunguzi tuliuweka Ijumaa usiku, na wageni waliingia na magari.

Majirani walisimama getini. Mama muuza mihogo wa pale kona aliniuliza, "Mwanangu, hii harusi ya nani?" Nikamjibu si harusi, ni maonyesho ya picha, karibu. Akatazama miguu yake, akatazama magari, akasema atakuja siku nyingine. Sikuelewa kwa nini. Leo naelewa, na naomba radhi kwake na kwa wote waliosimama getini usiku ule. Hakuna aliyewazuia, lakini kila kitu tulichokiweka mle ndani kilikuwa kinawaambia kwamba si cha kwao.

Kumbukumbu za usiku ule tulizipiga kwa simu. Simu ikaibiwa Mbagala Rangi Tatu, kwenye kugombania daladala. Mwaka mzima wa kituo chetu uliondoka ndani ya mfuko wa mtu.

Sasa nisikilizeni hapa.

Mwaka wa pili, asubuhi ya Jumatatu, alikuja mama mmoja. Nilikuwa peke yangu nafagia. Akasema amekuja kuangalia picha ya mwanawe. Nikamuuliza mwanawe ni nani, akanitajia jina, nami nilimfahamu: kijana wa Mtoni, mpole, aliyekuja kutundika picha moja tu katika yale maonyesho ya kwanza. Nikasema ooh, huyo kijana yuko wapi siku hizi, mbona hatumwoni? Mama akaniambia wamemzika wiki tatu zilizopita.

Alikuwa miongoni mwa wale waliosimama getini. Alikuja usiku ule kwa ajili ya picha ya mwanawe, akaona haya kuingia, akajiambia nitaiona siku nyingine. Siku nyingine ndiyo ile Jumatatu. Na picha haikuwepo. Ilinunuliwa usiku uleule wa ufunguzi, na mtu mrefu mwenye gari nyeupe. Hatukuandika jina lake. Hatukuandika simu yake. Hatukujua anaishi Dar es Salaam au alikuwa mpita njia.

Mama akauliza, "Basi hata jina la picha?" Nikatafuta kichwani, sikulipata. Akauliza, "Ilikuwa ya rangi gani?" Hapo nikajitahidi. Nikamweleza nilichokikumbuka, pole pole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alinisikiliza akiwa amesimama, ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Nilipomaliza akasema ahsante mwanangu, akaondoka.

Mchana huohuo nilikwenda dukani nikanunua kaunta buku ya kwaya tatu. Ni hii ya kijani. Nilichora mistari kwa rula: tarehe, jina la msanii, jina la picha, kipimo, imetengenezwa kwa nini, bei, imechukuliwa na nani, imekwenda wapi. Ukurasa wa kushoto niliuacha bila mistari, nikaandika juu yake: Maneno ya watu. Nitaueleza baadaye, maana ukurasa ule wa kushoto ndio umetufundisha kazi.

Ndugu zangu, hatukuwa wa kwanza katika mji huu kupoteza kwa kutoandika. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akaja kutafuta maisha hapa Dar es Salaam kama walivyokuja wazazi wa wengi wetu. Alianza kuchora 1968. Alichora kwenye hadibodi ya mraba, kama futi mbili kila upande, kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, na picha zake ziliuzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Ni miaka minne. Katika miaka minne mtu yule aliacha namna ya kuchora ambayo leo inaitwa kwa jina lake duniani kote, akaacha wanafunzi, nao wakaacha wanafunzi, hadi 1990 wakaunda chama chao cha ushirika ambacho kipo mpaka leo.

Lakini daftari halikuwepo. Hapakuwa na mtu aliyekaa pembeni yake akaandika, leo kamaliza chui, kauzwa kwa fulani. Matokeo yake ni kwamba picha ikitokea leo yenye sahihi ya Tingatinga, wataalamu wanaanza kubishana: ni mkono wake, ni wa mwanafunzi wake, au ni wa mtu aliyeiga? Wanaangalia rangi, wanaangalia ubao, wanaangalia alivyochora jicho la mnyama. Sahihi inaigika. Kaunta buku ya shilingi chache ingewaondolea ubishi mwingi.

Tazameni sasa mahali palipoandikwa. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyesoma Makerere kisha Uingereza, alichora 1956 wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ipo New York, katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa. Iko mbali na Machame, ng'ambo ya bahari, na bado tunalijua jina lake, mwaka wake, na ukuta wa nani unaimiliki. Picha ya kijana wa Mtoni ilitundikwa mwendo mfupi kutoka kwao, na mama yake hajui hata iliitwaje. Kila nikifikiri hilo roho inaniuma.

Chukueni na Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii kilichoanzishwa hapa mjini 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Wazee mnaikumbuka. Msanii George Lilanga alipitia pale. Wasifu wake unasema alianza kama mlinzi, mjomba wake Augustino Malaba akiwa tayari msanii palepale. Mwaka 1978 kazi za Lilanga zilionyeshwa Washington. Tunajua hayo kwa kuwa kulikuwa na watu walioweka karatasi. Na Yves Goscinny alipoanza 1998 kukusanya wachoraji wa nchi hii katika maonyesho, alichapa katalogi, na 2003 yakazaliwa yale maonyesho ya Afrika Mashariki ya kila baada ya miaka miwili. Mimi majina mengi ya wachoraji wa Tanzania niliyajua kwa kupekua katalogi zile, si kwa kuona picha zenyewe. Picha zilishaondoka zamani. Katalogi zilibaki.

Sisi katalogi hatukuwa na hela ya kuchapa. Kaunta buku tuliiweza.

Haya, tufungue kurasa chache.

Maonyesho ya pili kuandikwa humu yalikuwa ya picha za pwani na bahari. Safari hii vibandiko niliviandika kwa Kiswahili, bei kwa shilingi, na geti tukaling'oa kabisa tukaliegemeza ukutani. Kulikuwa na picha moja ya samaki kwenye sinia, na mimi nilikuwa nimeandika: Changu. Siku ya pili akaingia mama anayechukua samaki Feri alfajiri na kuja kukaanga hapa barabarani. Akasimama mbele ya picha, akacheka kwanza, halafu akaniita. "Nani kaandika hivi? Huyu si changu. Huyu tasi. Angalia mwili wake ulivyo bapa, angalia mdomo, angalia miiba ya mgongoni, huyu akikuchoma unalia siku nzima." Nikampigia simu mchoraji. Akasema, ni kweli dada, nilichora tasi, ila nilipoona umeandika changu nikaona aibu kukusahihisha.

Nilikata karatasi nyingine nikaandika upya, na chini yake nikaandika kwamba jina limesahihishwa na muuza samaki. Kesho yake yule mama alirudi na wenzake wanne. Walikuja kukagua samaki wengine wote. Kuanzia siku ile, kibandiko changu nakiandika kwa penseli kwanza, na wiki ya kwanza ya kila maonyesho natembea na rula na kalamu mfukoni, maana mtaa huu una watu wanaojua vitu.

Alikuwepo pia mzee mmoja mchongaji, Mmakonde, tulipoonyesha vinyago. Kijana aliuliza atajuaje kama kinyago anachouziwa ni mpingo kweli. Mzee hakujibu. Aliomba beseni la maji. Akatia kipande chake, kikazama puu hadi chini. Kisha akatia kinyago ambacho mgeni mmoja alikuwa amekinunua mjini kwa bei kubwa kama mpingo. Kikaelea, na maji yakaanza kubadilika rangi, kwa sababu weusi ule ulikuwa dawa ya viatu. Mzee alimrudishia mgeni kinyago chake kikiwa kimefungwa vizuri kwenye kanga, akamwambia, aliyekichonga ana mkono mzuri, kosa ni la aliyekuuzia uongo. Maneno hayo yamo humu, ukurasa wa kushoto.

Sasa nije kwenye maonyesho ninayoyapenda kuliko yote. Nasema wazi kwamba nayapenda kuliko yote, na wachoraji wangu wa turubai mtanisamehe.

Yalikuwa ya mabango. Mnayajua mabango ya vinyozi, yale yenye vichwa vitatu vinne, kila kimoja na mtindo wake wa nywele. Mabango ya mama lishe yenye sahani ya wali na kuku anayekuangalia. Maandishi ya nyuma ya daladala. Mabango ya mafundi friji, mafundi viatu, waganga. Kazi hiyo ilikuwa imeanza kufa, kwa sababu siku hizi mtu anakwenda kuchapisha bango la plastiki na linakuwa tayari saa hiyohiyo. Nilitaka tuyaonyeshe kabla hayajaisha.

Tatizo lilikuwa hili: bango la kinyozi lipo kazini. Nilikwenda kwa kinyozi wa kwanza kumwazima, akaniuliza, "Dada, ukiondoka nalo wateja watajuaje kwamba niko hapa?" Swali la haki kabisa. Tukakaa na vijana, tukakubaliana: bango jipya kwa bango la zamani. Vijana wetu walichora mabango mapya, tukazunguka mitaani tunabadilishana. Kuna waliokataa. Mmoja alisema bango lile lilichorwa na marehemu kaka yake, halitoki. Tulimwachia.

Tulipofungua, ukumbi ulifurika. Watu walikuja kuona mtaa wao. "Hili la pale kwa shemeji yangu!" "Huyu kuku ndiye aliyekuwa pale kwa mama fulani!" Na mimi nilikuwa na kazi ya vibandiko, kwa hiyo nilikuwa nimetafuta mafundi waliochora. Mmoja nilimpata Tandika, mzee wa makamo, ameandika mabango zaidi ya nusu ya umri wake. Nikamuuliza jina lake kamili niliandike. Akasema, "Andika fundi." Nikamwambia hapana mzee wangu, jina. Akasema watu wananijua fundi. Tulibishana kwa heshima mpaka akanipa. Siku ya ufunguzi nilimwona amesimama mbele ya bango lake. Alikuwa anaangalia kile kikaratasi, anasoma jina lake. Baadaye alikuja mkewe, akamwonyesha kwa kidole.

Nina mengi ya kusema kuhusu siku ile ila muda unakimbia.

Masika ya 2018 maji yaliingia. Mji mzima ulikuwa na mafuriko Aprili ile, wengi wenu mlipata hasara kubwa kuliko yetu, kwa hiyo nitapita haraka. Picha za karatasi zilikunjamana, hadibodi zilivimba kwa nyuma, mahali pasipo na rangi. Tangu hapo kila hadibodi inayoingia humu tunaipaka rangi pande zote mbili, na hakuna picha inayowekwa sakafuni, hata kwa dakika moja.

Tarehe 16 Machi 2020 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini. Kesho yake shule zikafungwa. Tulikuwa tumeshatundika maonyesho ya kanga: akina mama walikuwa wametuletea kanga zao za zamani, nyingine za harusi, nyingine za msiba, na mama mmoja alikuwa ameniambia kitu sijakisahau. Aliniona nahangaika na kibandiko cha picha ambayo mchoraji aliandika haina jina. Akasema, "Kanga isiyo na jina nani ataivaa?" Mchoraji alikwenda kufikiri, akarudi na jina. Basi kanga zote zile zikabaki gizani, mlango umefungwa, na kila aliyetuazima akawa anapita kuchungulia kama kanga yake ipo.

Wiki zikapita. Vijana wakaja na wazo kwamba kama watu hawawezi kuingia, vitu vitoke. Tukabandua papi moja ya ndani, tukaipigilia ukuta wa nje unaotazama barabara. Kila asubuhi tunatundika, kila jioni tunaingiza. Kanga kwanza, halafu picha. Foleni ya magari ikisimama pale mbele, abiria wa daladala wanasoma majina ya kanga kwa sauti. Wanajibizana. Watoto wawili wa jirani, ambao shule ilikuwa imefungwa, niliwapa kaunta buku na kiti, mbali mbali, nikawaambia waandike wanachosikia. Mwandiko wao ndio huu. Wameandika kila kitu, hata matusi ya makonda, hayo siwasomei. Lakini wameandika pia hili: "Baba mmoja amesimamisha baiskeli ameangalia picha ya shamba ameondoka amerudi ameangalia tena."

Tulikosea jambo moja pale, na limeandikwa. Picha mbili za rangi ya maji zilipauka kwa jua la mchana. Hazikurudi. Mwenye picha hizo yumo humu ndani, alitusamehe, lakini mimi kila nikitundika kitu karibu na dirisha namkumbuka.

Kuhusu hela nitasema kidogo, maana mweka hazina ataleta hesabu zake. Kwa miaka mingi walionunua ni wageni. Ukurasa ninaouonyesha sasa ni wa tofauti. Fundi cherehani wa Tandika alipenda picha ya mwanamke anayekojolesha mtoto uani. Bei ilikuwa kubwa kwake. Akauliza kama anaweza kudunduliza. Mchoraji akakubali. Kuna sahihi saba hapa, saba, mojamoja mpaka deni likaisha, na mstari wa mwisho kwenye sehemu ya imekwenda wapi umeandikwa: kibandani kwake, juu ya cherehani. Mimi nikitaka kuiona picha ile nakwenda kupima gauni.

Na sasa jambo linaloniumiza katika vitabu hivi. Ukipitia majina ya wasanii, wanawake ni wachache mno. Nilikaa usiku mmoja nikahesabu, nikafunga kitabu. Katika miaka ya mwanzo zipo kurasa nzima za wanaume watupu. Wasichana walikuja kwenye mafunzo yetu ya mchana, wakachora vizuri, halafu ukifika wakati wa maonyesho hawapo. Nilipowafuata majumbani nikaelewa sehemu ya sababu. Ufunguzi ni Ijumaa usiku. Kutundika ni hadi saa nne za usiku. Nani anamruhusu binti yake? Na aliye na mtoto anamwacha na nani? Ndiyo maana leo mko hapa Jumamosi asubuhi, na ndiyo maana kuna mkeka na vyombo vya kuchezea pale pembeni. Kaunta buku ya tatu ina majina ya wanawake kuliko mbili za kwanza zikijumlishwa. Bado hayatoshi. Wazazi mliopo, naomba tuzungumze baada ya hapa, mmoja mmoja, nina majina ya mabinti zenu.

Nirudi kwenye hii ya kijani. Nilipoinunua ile Jumatatu, sikuanza kuandika ukurasa wa kwanza. Niliuruka. Uko mtupu mpaka leo, nauinua muuone. Niliuacha kwa ajili ya mwaka 2015.

Mama yule yupo hapa. Amekaa mstari wa pili, amenipa ruhusa niseme, ila hapendi kutajwa jina. Baada ya ile Jumatatu aliendelea kuja, na amekuwa akisaidia kukunja na kufungua kanga zetu kwa miaka yote hii. Yeye ndiye aliyenisaidia kukamilisha nilichokikumbuka. Picha ya mwanawe ilikuwa ya hadibodi, kama futi moja na nusu kwa futi mbili. Ni stesheni ya TAZARA asubuhi, lile jengo kubwa, na watu wanakuja na mizigo kichwani. Mbingu ni ya samawati iliyokolea sana, kwa kuwa rangi hiyo ndiyo aliyokuwa nayo nyingi. Mbele, upande wa kulia, kuna baiskeli nyekundu imeegeshwa, haina mtu. Nilipomtajia mama baiskeli nyekundu, alikaa chini. Baba wa kijana alikuwa na baiskeli nyekundu.

Aliyeinunua alikuwa mtu mrefu, gari nyeupe. Hatumdai kitu, picha ni mali yake. Tunachotaka ni mama aiangalie, nami niipime, niipige picha, niandike. Kama kuna mtu humu aliwahi kuiona kwenye ukuta wa ofisi, kwenye nyumba anakofanya kazi, kwa bosi wake, kwa jirani aliyehama, naomba aniambie. Na hata kama hukuiona hiyo, kama ulikuja hapa 2015, ulisimama ndani au getini, kuna kitu ulikiona ambacho mimi nimekisahau. Mwenyekiti wa mtaa nakumbuka ulikuwepo. Mama wa mihogo, wewe pia.

Chai iko pale nyuma, na maandazi. Ukishapata kikombe chako, njoo kwenye meza hii. Nimeshachora mistari kwenye ukurasa wa kwanza, na kalamu ninayo.